Muulize Fundi: Kadi kuingia ni jambo moja, kufanya kazi ni jingine

Barua za mwezi huu karibu zote zinauliza kuhusu kadi zinazochomekwa ndani ya kompyuta: ipi inakaa wapi, na kwa nini ya jana haikubali mashine ya leo. Nimejibu nne. Ile ya mzee wa Kizingo nimeipa nafasi kubwa, kwa sababu swali lake ndilo linalobeba mengine yote.

*Assalaam aleikum, fundi. Nina karakana ya vitanda na milango hapa Majengo. Mashine yangu ya kuchonga nakshi huendeshwa na kompyuta ya Windows XP, na ndani yake mna kadi ya kijani iliyokuja na mashine kutoka Uchina. Stima ilipotea ikarudi kwa kishindo, kompyuta ikafa. Nimenunua mpya, lakini kadi haikai: sloti zote ni fupi au zina umbo jingine. Kijana wangu asema tuikate pembeni kidogo ipate kuingia. Nimeambatanisha picha. Tukate? Kuna milango ya watu inangoja.*
*Seremala, Majengo*

Wa aleikum salaam, ndugu yangu. Usikate. Mwambie kijana aweke msumeno chini kwanza, kisha tuzungumze.

Kadi yako ni ya PCI, njia ya zamani ya kuunganisha kadi na kompyuta. Kompyuta uliyonunua ina PCI Express, iliyoshika nafasi yake, peke yake. Majina yanafanana, na ufanano huo umewatia watu wengi hasara, lakini kwa upande wa umeme ni vitu mbalimbali kabisa. PCI hupeleka biti 32 kwa mpigo mmoja juu ya nyaya nyingi zilizolala sambamba. PCI Express hupeleka biti moja baada ya nyingine, kwa kasi kubwa mno, kupitia jozi chache za nyaya. Hata ukifaulu kuikata ikaingia, pini iliyongoja ishara huenda ikakutana na volti 12. Utaiua kadi, na hiyo kadi ndiyo roho ya mashine yako.

Sasa tazama meno ya kadi, yale ya rangi ya dhahabu. Pichani naona pengo moja tu, nalo liko mbali na kile kibati cha chuma kinachofungwa kwa skrubu nyuma ya kasha. Hiyo ni alama ya kadi ya volti 5. Pengo likiwa karibu na kibati, kadi ni ya volti 3.3. Ikiwa na mapengo yote mawili, inakubali kotekote. Sloti nayo ina kizuizi cha plastiki mahali panapolingana, ili kadi ya volti isiyofaa igome kuingia. Waliobuni walijua kwamba iko siku mtu atasukuma kwa nguvu, wakamwekea ukuta. Kwa hiyo kadi ikigoma, isikilize.

Ningekuwa wewe, ningejaribu kuirudisha hiyo kompyuta mpya nitafute ya ofisi ya mtumba, kasha la mnara, ya kati ya mwaka 2009 na 2012. Nakutajia miaka hiyo kwa sababu: mnamo 2011 Intel ilianza kuiondoa PCI katika chipu zake za kompyuta za nyumbani, ikaiacha kwa muda katika zile za ofisi. Zile zinazoshuka kutoka Uingereza nyingi ni za ofisi, na hapa Mombasa hazijaadimika. Nenda na kadi yako mkononi. Omba kasha lifunguliwe kabla hujatoa pesa. Sloti unayoitafuta mara nyingi ni nyeupe, urefu wake ni kama sentimita 8 na nusu, na kizuizi chake kiko upande wa mbali na nyuma ya kasha.

Kuna sababu ya pili ya kutafuta mashine ya umri huo. Draiva ya kadi yako, yaani programu inayoiwezesha Windows kuitumia kadi, iliandikwa kwa XP ya biti 32, na Windows ya biti 64 haitaipokea hata sloti ikiwepo. Kompyuta za miaka hiyo bado zilipata draiva za XP. Kabla ya kuweka XP, ingia kwenye BIOS, ile skrini ya mipangilio inayotangulia Windows, ubadilishe namna ya kusoma diski kutoka AHCI, ambayo XP haiijui, iwe IDE ya zamani, la sivyo utakutana na skrini ya bluu. Na diski ya kompyuta iliyokufa usiifute kamwe. Programu ya kuchonga na vipimo vya mashine yako vimo humo.

Watakuuzia pia adapta, kibao kidogo kinachochomekwa kwenye PCI Express kikiwa na sloti ya PCI juu yake. Ni kitu cha kweli, kina chipu inayofasiri pande mbili. Kwa kadi ya sauti au ya bandari za printa kinafaa. Lakini sloti ya PCI Express haina volti 5 hata kidogo, ina 12 na 3.3 tu, hivyo adapta lazima ipate volti 5 kwa njia nyingine, nyingi huivuta kwa waya kutoka pawa saplai, na isiyo na waya huo usiiguse. Tena kadi yako hutuma mapigo kwa mota kwa wakati maalumu, na chipu ya katikati huongeza ucheleweshaji. Siipendekezi kwa mashine inayozungusha kisu karibu na mkono wa mtu.

Kabla ya kuchomeka, safisha meno. Hewa yetu ina chumvi, karakana yako ina vumbi la mbao, na vitu viwili hivyo vikikutana juu ya shaba hupata ukoko usioonekana. Tumia raba nyeupe ya mwanafunzi, taratibu, kisha kitambaa chenye spiriti. Ukimaliza usiyaguse kwa vidole. Na mashine yote uipitishie UPS, kile kifaa cha betri cha kuilinda stima inapokatika, maana stima ya kurudi kwa kishindo itarudi tena.

*Mwanangu fundi, mimi nimestaafu kazi ya uwakala wa forodha. Ofisini kwetu kompyuta ya kwanza iliingia miaka ya themanini, na tangu hapo kila ikiletwa mpya, kadi za ile ya zamani zilitupwa. Nyingine niliziokota, ninalo boksi zima nyumbani, kadi nyingine zapita futi moja. Nauliza bila hasira: mabadiliko haya yalikuwa na haja, au ulikuwa ujanja wa wauzaji tununue tena?*
*Mzee wa Kizingo*

Mzee wangu, shikamoo. Yote mawili yalikuwako, na tukifuata miaka tunaweza kuyatenganisha.

IBM ilipotoa kompyuta yake ya PC, Agosti 1981, iliweka ndani sloti 5 za biti 8, kila moja ina pini 62, zinakwenda kwa megahezi 4.77, mwendo uleule wa prosesa. Muhimu zaidi, ilichapisha kitabu cha ufundi chenye michoro ya saketi. Yeyote mwenye ujuzi aliweza kutengeneza kadi na kuiuza bila kuomba ruhusa. Ndipo zikamiminika kadi za kuongeza kumbukumbu, za modemu, za printa, za saa. Boksi lako lilianzia hapo.

Mwaka 1984 ikaja kompyuta ya AT yenye biti 16. Hapa nawaheshimu sana wale wahandisi. Wangeweza kubuni sloti mpya kabisa. Badala yake waliiacha ile ya pini 62 ilivyokuwa, wakaongeza kipande kifupi cha pini 36 mbele yake kwa mstari mmoja. Kadi ya zamani ikakaa kwenye kipande cha nyuma, kadi mpya ikashika vyote viwili. Itazame kadi yoyote ndefu humo bokisini: ukiona meno yamegawanyika sehemu mbili, kubwa na ndogo, umeshika kazi ya mwaka 1984.

Kisha, Aprili 1987, ndilo tukio lenye lawama unayoitafuta. Kompyuta za kuiga zilikuwa zimeinyang'anya IBM soko. Ikatoa PS/2 yenye njia mpya ya kuunganisha kadi, Micro Channel. Kiufundi ilikuwa nzuri: biti 32, na kadi zilijitambulisha zenyewe bila mtu kuhangaika na vijipini. Lakini haikukubali hata kadi moja ya zamani, na kampuni nyingine zilizotaka kuitumia zilidaiwa malipo ya leseni. Ofisi zilizokuwa na kabati la kadi ziliambiwa, kwa vitendo, zitupe zote. Huo, mzee wangu, haukuwa ulazima wa umeme. Sloti ya mwaka 1984 ilikuwa imeshathibitisha kwamba ya zamani na mpya zinaweza kukaa pamoja.

Soko lilijibu. Septemba 1988 kampuni tisa zikiongozwa na Compaq, miongoni mwao HP, Epson, NEC na Olivetti, zilitangaza EISA, nayo ya biti 32. Ile njia ya AT ikapewa jina la ISA, maana AT lilikuwa jina la IBM. Sloti ya EISA ilikuwa ya ghorofa mbili: meno ya kadi ya ISA yalifika ghorofa ya juu yakazuiliwa na vijiti vya plastiki, na kadi ya EISA, iliyokuwa na mapengo ya kupitisha vijiti hivyo, ilizama hadi chini. Kila ninapoishika sloti hiyo nafurahi. Naiona kuwa ndiyo kazi ya heshima kuliko zote katika hadithi hii, maana walianza na mteja mwenye kadi ya zamani mkononi, kisha wakafikiria kasi. Ubaya wake ulikuwa bei, ikabaki kwenye seva. Micro Channel nayo haikupata wafuasi wa kutosha, IBM yenyewe ikaja kuiacha.

Lakini haja ya kweli pia ilikuwapo. ISA ilibaki kwenye megahezi 8 hivi wakati prosesa za 486 zilikuwa zimefika 33 na kupita. Skrini ya nukta 1024 kwa 768 yenye rangi 256 ni baiti 786,000 na ushei. Kuichora mara kumi kwa sekunde kunahitaji karibu megabaiti 8 kwa sekunde, na hicho ndicho kiwango cha juu cha ISA kinadharia. Kwa vitendo ilikuwa chini yake. Ndiyo sababu Windows ya siku zile ulikuwa ukiiona ikijipaka rangi kipande kwa kipande.

Dawa ya haraka ilikuwa VESA Local Bus, 1992. Waliongeza kipande cha tatu cha sloti mbele ya ISA wakaifunga moja kwa moja kwenye nyaya za prosesa ya 486. Huenda baadhi ya hizo kadi zako za kupita futi moja ni hizi. Ilikuwa na kasi, ila iliishi kwa pumzi ya 486, na ilipokuja Pentium mwaka 1993 yenye nyaya tofauti, ikafa nayo. Ukiwa na kadi hizo, haziwezi kufanya kazi popote ila kwenye ubao wa zama zao.

PCI, iliyoanzishwa na Intel mwaka huohuo wa 1992, ilipona kwa sababu ilijitenga na prosesa. Katikati iliwekwa chipu ya daraja, kwa hiyo prosesa ikibadilika, kadi haina habari. Hata Apple iliiweka katika Power Macintosh mwaka 1995. Biti 32, megahezi 33, megabaiti 133 kwa sekunde. Na haikuifukuza ISA. Kwa miaka mingi kompyuta ziliuzwa zikiwa na sloti za aina zote mbili. Hata vifaa vya juu ya kadi viliwekwa upande wa pili, ili sloti moja ya ISA na moja ya PCI zilizo jirani zitumie tundu moja nyuma ya kasha. Mtu alihama polepole, kadi baada ya kadi.

Utakumbuka pia mateso ya IRQ, ile namba ambayo kadi huitumia kuiita prosesa. Kadi ya sauti ya ISA ilitaka namba 5, ya mtandao nayo namba 5, na mtu alikaa sakafuni na tochi akihamisha jampa, vile vifuniko vidogo vya kuchagulia namba. PCI iliweka ndani ya kila kadi orodha ndogo inayosema mimi ni nani, nimetengenezwa na nani, nahitaji nini. Kwangu mimi, hiyo ndiyo zawadi yake kubwa kuliko kasi.

AGP ya 1997 nitaipita mbio: sloti ya kadi ya picha peke yake, ikashuka volti kutoka 3.3 hadi 1.5 hadi 0.8, na kadi chache zilizokatwa mapengo vibaya zikaunguza mbao mama za watu. Hapo lawama ni ya waliozikata.

Udhaifu wa njia zile ni kwamba kadi zote za PCI zilitumia njia moja kwa zamu, zikingojana mithili ya magari ya Likoni yanavyongoja feri. PCI Express, iliyokamilika mwaka 2003, ilimpa kila mmoja daraja lake mwenyewe hadi ng'ambo. Hapa sloti ya zamani isingeweza kuhifadhiwa. Nyaya sambamba zilikuwa zimefika mwisho wa uwezo wao, kwani kadiri kasi inavyopanda, ishara za nyaya 32 haziwasili tena kwa pamoja. Walichohifadhi ni ile orodha ya utambulisho. Programu iliyoijua PCI iliiona PCI Express kana kwamba ni PCI ileile. Tangu hapo, toleo baada ya toleo, 2007, 2010, 2017, 2019, 2022, kasi imekuwa ikiongezeka takriban maradufu kila mara, na kadi ya kwanza kabisa bado inakaa kwenye sloti ya leo.

Kwa hiyo jibu langu, mzee: mwaka 1987 ulidhulumiwa. 1992 na VESA uliuziwa kitu cha haraka haraka. 1984, PCI, na PCI Express vilikuwa na haja ya kweli, na waliovifanya walikufikiria. Boksi lako usilitupe. Viwanda na maabara bado vina mashine zinazotegemea kadi za ISA, na kadi nzima ni ngumu kupata. Zifunge moja moja kwenye mifuko ya kuzuia umeme tuli, weka mbali na dirisha la baharini, na ukipenda nitumie picha za meno na maandishi ya chipu nikwambie kila moja ni nini.

*Shikamoo fundi. Mimi ni mwanafunzi, Tudor. Nina kompyuta ya ofisi ya mtumba, sloti yake ni PCI Express 3.0. Nataka kadi ya picha ya 4.0. Wenzangu wasema haitafanya kazi, au itaungua.*
*Mwanafunzi, Tudor*

Marahaba mwanangu. Haitaungua, na itafanya kazi. Kadi na sloti zikiwashwa huanza kwa kasi ndogo kabisa, kisha hupanda hadi kiwango ambacho zote mbili zinakiweza.

Jambo la kuangalia ni idadi ya leni, yaani njia za kupitishia data. Sloti ndefu ina leni 16, lakini si kila kadi ndefu inazitumia zote. Radeon RX 6500 XT ya mwaka 2022, kwa mfano, ina meno marefu lakini leni zilizounganishwa ni 4 tu. Kwenye 4.0 hupata takriban gigabaiti 8 kwa sekunde. Kwenye ubao wako itapata nusu yake, na kwa kuwa kumbukumbu yake ni gigabaiti 4, michezo mizito itakwama inapoanza kuazima kumbukumbu ya kompyuta. Kadi ya 3.0 yenye leni 16 kamili inaweza kukufaa zaidi ingawa namba yake ni ndogo.

La pili ni umeme, na hapa ndipo vijana wengi wanapojikwaa. Sloti ndefu hutoa hadi wati 75. Zaidi ya hapo kadi inataka waya wake kutoka pawa saplai, na pawa saplai nyingi za kompyuta za ofisi hazina waya huo, tena plagi zake ni za kampuni yenyewe, huwezi kubadilisha na yoyote ya dukani. GTX 1650 isiyo na tundu la waya huishi ndani ya wati 75. Pima pia kasha: kama ni lile jembamba, lazima kadi iwe ya kimo kifupi na kibati kifupi. Na mwulize muuzaji kama unaweza kuijaribu kwenye ubao wako kabla ya kulipa.

*Kaka fundi, nahariri video za harusi hapa Likoni. Nimenunua SSD ya M.2 ya NVMe kuiweka kwenye laptopu. Imeingia vizuri, skrubu imefungwa, lakini laptopu haiioni kabisa. Je, ni mbovu?*
*Mama Harusi, Likoni*

Dada yangu, huenda ni nzima kabisa. M.2 ni umbo tu. Ndani ya umbo hilo mnaweza kupita SATA, njia ya zamani ya diski, au PCI Express, na NVMe, aina ya SSD ya kasi zaidi, inahitaji PCI Express. Laptopu nyingi za kwanza zenye M.2 zilipeleka SATA peke yake kwenye sloti hiyo, na hakuna programu wala mpangilio utakaobadilisha hilo.

Angalia meno. NVMe nyingi zina pengo moja, upande mmoja. SSD za M.2 za SATA kwa kawaida zina mapengo mawili, ndiyo sababu zinaingia kotekote. Kama sloti yako ilipokea yenye pengo moja, umbo halikukuzuia, na hapa ndipo M.2 inaponisikitisha, maana ulinzi ule niliomsimulia seremala wa Majengo umelegezwa.

Tafuta namba kamili ya modeli ya laptopu, iko kwenye karatasi ya chini ya kasha, na usome kwenye mwongozo wake kama M.2 yake ni SATA, PCIe, au zote mbili. Ikiwa ni PCIe, sasisha BIOS kwanza kisha ujaribu tena. Ikiwa ni SATA tu, usiirudishe NVMe kabla hujaangalia bei ya kasha la USB la kuiweka ndani. Kwa mtu anayebeba video za harusi kutoka ukumbini hadi nyumbani, diski hiyo ya nje itakufaa hata zaidi, ila hakikisha kasha limeandikwa NVMe, maana la SATA linafanana nalo na litakurudisha kwenye swali hilihili.